Mkono Unaotia Sahihi: Njia ya Mwanafunzi wa Sheria

Hotuba ya Komisioni ya Haki na Amani ya Parokia mbele ya wazazi na wanafunzi, katika siku ya vijana ya Jubilei








Padri Paroko alituomba, sisi wa Komisioni ya Haki na Amani, tuseme neno juu ya vijana wetu wanaosoma sheria. Sababu yake inajulikana. Kila mwaka, matokeo ya egzamu ya Serikali yanapotangazwa, tunawauliza vijana: «Sasa utasoma nini?» Na wengi wanatujibu: «Nitasoma sheria, ili nitetee haki za watu.» Wazazi wakisikia hivyo wanafurahi. Wanaona tayari joho jeusi la avoka, wanaona motokari mbele ya nyumba, wanasikia jina la ukoo likitajwa redioni. Na jirani wanasema: Nyumba ile sasa imepata mtu.

Hatutaki kuzima furaha hiyo, kwa maana ni halali. Lakini tunataka kuuliza ulizo moja: Njia hiyo inamfikisha mtoto wapi? Wengi wanafikiri inamfikisha mbele ya tribinali kubwa, ambako atasema maneno mazito na watu watapiga makofi. Siku za namna hiyo zipo, lakini ni chache. Mara nyingi zaidi njia ya sheria inamfikisha mtu kwenye meza ya mbao ndani ya biro, ambako kuna karatasi, kashe na kalamu. Mtu anakuja, anasimama mbele yake na kumwambia: «Tia sahihi tu.» Masomo ya miaka mitano yanapimwa siku ile. Juu ya meza hiyo, na juu ya mkono unaotia sahihi, tunataka kuzungumza nanyi leo.

1. WALE WALIOTUTANGULIA

Vijana wa leo wanaona kusoma sheria kuwa jambo la kawaida. Zamani haikuwa hivyo. Wakati wa ukoloni Mkongo aliweza kuwa karani, mwalimu, msaidizi wa mganga, hata padri. Lakini mlango wa sheria ulibaki umefungwa kwa muda mrefu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, Wakongo walikuwa wakihukumu katika tribinali za kimila. Lakini katika tribinali za Serikali, waliohukumu na walioshitaki walikuwa Wabelgiji. Siku chache nyuma yake machafuko yalitokea, na wengi wao wakarudi kwao. Inchi ikabaki na vitabu vya sheria, bila watu wa kuvifungua. Ndiyo sababu mwaka 1961 ilianzishwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na ya utawala, ili kuwaandaa upesi majuji na watumishi wa Serikali. Tukumbuke vema kwamba waliandaliwa katika shule moja. Tangu mwanzo ilionekana wazi kwamba juji na mtumishi wa biro wanabeba mzigo mmoja.

Kati ya wale wa kwanza kabisa alikuwako Marcel Lihau, mzaliwa wa Équateur mwaka 1931. Mapadri Wayezuiti walimsaidia kujiandaa, na akaingia katika chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Huko akawa mmoja wa Wakongo wa kwanza kusoma sheria. Alipokuwa angali mwanafunzi, aliwahimiza wanasiasa wa Kongo waungane mbele ya wakubwa wa Ubelgiji ili kupata uhuru. Mwaka 1963 alikuwa mkubwa wa kitivo cha sheria katika Lovanium. Mwaka 1964 alishika kazi kubwa katika kutunga Katiba ya Luluabourg, ambayo wananchi waliipokea kwa kura. Mwaka 1968 alifanywa Prezidenti wa kwanza wa Korti Kuu ya Haki. Kwa mwanafunzi wa sheria, hakuna kiti cha juu kuliko hicho.

Basi mwaka 1975 ilikuja siku ya meza. Wanafunzi walikuwa wameandamana, na wenyi nguvu walitaka waadhibiwe kwa hukumu kali. Lihau alikataa kuitekeleza. Hakubeba bunduki wala hakukimbilia msituni. Aliuzuia tu mkono wake. Kwa ajili hiyo aliondolewa katika kazi na kufungiwa nyumbani. Baadaye alikuwa mmoja wa wale walioanzisha chama cha upinzani cha UDPS, akanyimwa haki zake, akahamishwa kwa nguvu ndani ya inchi yake mwenyewe, na mwaka 1985 akakimbilia Marekani. Huko yule aliyenyimwa haki kwao aliwafundisha wageni sheria ya katiba, katika chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 1990, vifungo vya siasa vilipolegezwa, alirudi, akasaidia tena kuandika katiba wakati wa Konferansi ya Taifa. Alifariki mwaka 1999 katika inchi ya Marekani, alikokwenda kutafuta matunzo.

Ndugu, katiba alizosaidia kuandika zimeondoka, nyingine zimekuja mahali pake. Lakini lile neno «hapana» la mwaka 1975 hakuna katiba mpya inayoweza kulifuta.

2. YALE ANAYOJIFUNZA

Mzazi anayelipa minervali ana haki ya kujua mtoto wake anafundishwa nini. Tuseme kwa ufupi.

Anajifunza kwamba tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 1948, huko Paris, mataifa yalikubali Tangazo la Haki za Binadamu, lenye artikle 30. Vita kubwa ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na watu walikuwa wameona Serikali zikiwaua raia zao kwa karatasi zilizotiwa kashe vizuri kabisa. Anajifunza kwamba tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 1981, Nairobi, wakubwa wa Afrika walikubali Mkataba wao wenyewe. Mkataba huo hausemi haki za mtu mmoja tu. Unasema pia haki za mataifa, na wajibu wa kila mtu kwa jamaa yake na kwa wenzake. Ulianza kutumika mwaka 1986, na inchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ikaungana nao mwaka 1987.

Anajifunza hasa Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006. Artikle ya 16 inasema kwamba nafsi ya binadamu ni takatifu, na kwamba Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Artikle ya 17 inasema kwamba kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo mama hawezi kukamatwa kwa sababu mtoto wake ametoroka, wala mdogo mtu kufungwa mahali pa mkubwa wake. Artikle ya 18 inasema kwamba mtu anayekamatwa aambiwe mara moja sababu yake, tena katika luga anayoisikia. Kwamba ana haki ya kujulisha jamaa yake au avoka wake. Na kwamba hawezi kukaa katika kasho zaidi ya saa 48 bila kuachwa huru au kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria.

Wapendwa, ni wangapi kati yetu waliokwisha kupeleka chakula kwenye kasho, siku ya tatu, siku ya tano, siku ya nane, bila kujua kwamba saa zimepita? Katika Komisioni yetu tunawapokea watu wa namna hiyo. Mara nyingi wanatuletea karatasi waliyoikunja mara nyingi, iliyoandikwa Kifaransa, na wanatuuliza kwanza: «Karatasi hii inasema nini?» Hapa pana jambo la kufikiri. Artikle ya 62 inasema kwamba hakuna anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Lakini artikle ya 142 inaidai Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa luga nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku 60 tangu itiwe sahihi. Mama wa sokoni anadaiwa ajue sheria. Basi naye anadai asomewe kwa luga yake. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa sheria inapatikana hapa. Haimwombi angoje diplome. Wakati wa likizo anaweza kukaa katika shirika lake na kuwafasiria wazee artikle moja kwa Kiswahili safi, mpaka waisikie. Na yeye pia atapata faida, kwa maana mtu asiyeweza kuifasiria bibi yake artikle moja, yeye mwenyewe hajaisikia bado.

3. ARTIKLE YA 15 NA ARTIKLE YA 28

Kuna artikle moja ambayo kila Mkongo anaijua bila kwenda shuleni: artikle ya 15. Tunaitaja kwa kucheka: jitafutie, jipange, uishi unavyoweza. Babu zetu waliitaja, nasi tunaitaja. Lakini ninyi mliosoma mnajua kwamba artikle ya 15 ya Katiba ya leo haisemi hivyo hata kidogo. Inaziamuru Serikali na wakubwa wake waondoe jeuri ya ngono inayotendwa juu ya miili ya watu. Tazama jinsi tulivyo: ile ambayo haikuandikwa tunaishika kwa kichwa, na ile iliyoandikwa kwa ajili ya binti zetu hatuijui.

Sisi leo tunawaomba mshike nyingine, artikle ya 28. Inasema kwamba hakuna anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria. Kila mtu, na kila mtumishi wa Serikali, anafunguliwa katika wajibu wa kutii, kama amri aliyopewa inavunja wazi haki za binadamu, uhuru wa watu na mwenendo mwema. Polisi, askari, karani wa etasivili, mtu wa duane, mwalimu mkubwa, mpima wa viwanja: wote wamo. Katika inchi ambamo neno «mkubwa amesema» limemaliza mabishano mengi, artikle hiyo ni kitu kikubwa.

Lakini someni mpaka mwisho. Artikle hiyo hiyo inasema kwamba kuonyesha ubaya wa amri ni kazi ya yule anayekataa. Yaani mkubwa aliyeamuru hadaiwi kitu. Wewe uliyesema hapana ndiwe unayepaswa kuthibitisha kwamba amri ilikuwa mbaya, tena wazi. Wengine wanasema: Basi artikle hiyo haina maana, inampa mtu mlango na kumnyima ufunguo. Sisi tunasema: Ufunguo ni masomo. Mtu mwema asiyejua sheria atasema tu, «Moyo wangu unakataa», na watamcheka. Lakini yule aliyejifunza vema anaweza kusema: «Amri hii inavunja artikle fulani, hii hapa karatasi yake, hii hapa tarehe, hawa hapa mashahidi.» Hivyo kijana anayetaka kutetea haki za watu hana ruhusa ya kusoma kwa uvivu. Anayenunua alama kwa profesa anajivua silaha mwenyewe. Siku ya meza itamkuta mkono mtupu.

4. MEZA YA DUANE

Tuwataje sasa kijana wa upande wetu, aliyesema Kiswahili kama sisi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria. Wakati wa masomo yake aliungana na jumuiya ya Sant'Egidio, na akawa rafiki wa watoto wa barabarani, wale ambao mji mzima unawaita maibobo na kuwafukuza. Aliwatafutia masomo, akakaa nao, akajua majina yao. Alipomaliza shule alipata kazi katika Office Congolais de Contrôle, OCC, ile biro ya Serikali inayopima ubora wa bidhaa mpakani.

Tuone vema. Hakuwa avoka wa tribinali kubwa. Hakukaa katika komisioni ya haki za binadamu. Meza yake ilikuwa ya vyakula: unga, mchele, tarehe, magunia. Mwaka 1975 dosie iliyoletwa mbele ya Lihau ilikuwa ya hukumu. Mwaka 2007 ile iliyoletwa mbele ya Bwana Chui ilikuwa ya vyakula vilivyoharibika, ambavyo watu walitaka vipite viuzwe katika mji. Wakamtolea feza. Akakataa. Wakamtisha. Akakataa tena. Tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka ule alinyakuliwa, na baada ya siku mbili maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipoonana na vijana wa Kongo huko Kinshasa mwezi wa 2 mwaka 2023, aliwatajia jina lake. Na tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo inje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyi Heri, shahidi.

Matabishi ina majina mengi mazuri katika inchi yetu. Kinshasa wanaiita maharagwe ya watoto. Anayeomba feza anasema: «Fikiri watoto wangu.» Bwana Chui alifikiri watoto pia, lakini alifikiri wale ambao wangekula kutoka magunia yale. Hakuwajua wote. Mtoto wa Birere ambaye mama yake angenunua kikombe kimoja cha chakula kile, asingejua kamwe ni nani aliyemwokoa. Hapa tunaona maana ya utumishi wa Serikali: kumtendea mema mtu ambaye hutamwona, na ambaye hatakuja kushukuru.

5. KAZI YA KARATASI

Wengine watasema: «Mnatupa mfano wa mmoja aliyefukuzwa na wa mwingine aliyeuawa. Je, njia hiyo ina matunda hapa duniani?» Ina matunda. Yanakomaa polepole, na yanakomaa katika karatasi.

Mnakumbuka habari ya Kavumu, katika Kivu ya Kusini. Kwa miaka kadhaa, tangu mwaka 2013, watoto wadogo wa kike walinyakuliwa usiku katika nyumba za wazazi wao na kutendewa mambo ambayo kinywa kinashindwa kuyasema. Watu wengi walisema haki haitakuja, kwa sababu aliyetajwa kuwa mkubwa wa kundi lile alikuwa mbunge wa jimbo. Lakini waganga waliandika walichokiona. Wachunguzi waliandika prosè-verbali. Maavoka walikusanya maneno ya wazazi, jamaa moja baada ya nyingine. Kisha korti ya kijeshi ikatoka katika mji, ikaenda kukaa Kavumu kwenyewe, ili wenyi kuumizwa wasikie kesi yao kwa masikio yao. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya wale waliowatendea mabaya; maneno yao yalikuwa yamekwisha kupigwa picha na kuonyeshwa. Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 2017 watu 11, na mbunge yule kati yao, walihukumiwa kifungo cha maisha.

Hukumu hiyo haikurudisha yale watoto waliyopotezwa. Lakini tangu siku ile hakuna anayeweza kusema kwamba mbunge hahukumiwi. Na tuulize: ni nani aliyefanya kazi hiyo? Ni wengi, ambao majina yao hatuyajui, kila mmoja na karatasi yake. Kama mmoja wao angeuza karatasi moja, dosie nzima ingeanguka. Mwanafunzi anayelalamika kwamba masomo ya procédure yanachosha, kwamba tarehe na sahihi na muda wa siku fulani ni mambo madogo, akumbuke Kavumu. Mtoto anaweza kukosa haki yake kwa sababu ya tarehe moja iliyoandikwa vibaya.

6. NENO KWA KILA MMOJA

Kwenu wanafunzi. Njia ni ndefu. Baada ya chuo kikuu, yule anayetaka kuwa avoka anafanya miaka 2 ya mazoezi chini ya avoka wa zamani. Anayetaka kuwa juji anangoja konkuru, na konkuru haziji kila mwaka. Anayeingia katika biro za Serikali mara nyingine anakaa miezi bila mshahara. Katika miezi hiyo ya njaa, kabla ya kuwa mkubwa, ndipo mtu anapozoea kuuza au kutokuuza. Msiseme: «Nitakuwa mwaminifu nikipata cheo.» Anzeni na karatasi ndogo. Tunzeni kopi ya kila kitu. Andikeni tarehe. Na msikae peke yenu: tafuteni wenzenu wawili au watatu wa kazi moja, mwe na desturi ya kukutana na kuambiana ukweli.

Kwenu wazazi. Hapa tuseme wazi, kwa heshima yote. Mmeuza mbuzi, mmeuza shamba, mama amekaanga mikate usiku kwa ajili ya minervali. Tunajua. Lakini mtoto akipata kazi, ni nani wa kwanza kugonga mlango wake? Siyo mfanyabiashara mwenyi magunia mabovu. Ni sisi. Ni mjomba anayetaka dosie yake ipite mbele ya nyingine. Ni shangazi anayeuliza kwa nini fulani, aliyeanza kazi mwaka mmoja naye, amekwisha kujenga. Tunamwambia mtoto: «Mbuzi hula pale alipofungwa.» Tukumbuke kwamba mbuzi akifungwa katika shamba la wengine na kulila lote, hakuna anayesema alikuwa na haki. Na tena, mtoto wetu si mbuzi. Hatukumlipia masomo ili afungwe kamba. Kabla ya kumtuma chuo kikuu, tunawaomba baba na mama wakae naye jioni moja na kumwambia: «Siku utakapokataa ubaya na kupoteza kazi, rudi hapa. Sahani yako ipo.» Mtoto mwenyi neno hilo moyoni ana nguvu kuliko yule mwenyi diplome mbili.

Kwenu Mababa Mapadri na viongozi wa mashirika. Kanisa lina Komisioni za Haki na Amani tangu Papa Paulo wa Sita alipoanzisha ile ya Roma mwaka 1967. Kazi yetu isiwe kuandika barua tu baada ya balaa. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila shirika lisome artikle moja ya Katiba kwa mwezi, kwa Kiswahili, na wanafunzi wetu wawe wafasiri. La pili, liwekwe sanduku la masomo la parokia, ili mtoto wa maskini asiingie kazini akiwa na deni kwa mtu atakayekuja kumdai sahihi. La tatu, lililo kubwa kuliko yote: mtumishi anayetishwa kwa sababu amekataa ubaya ajue mlango wa kugonga, mchana na usiku, na mlango huo uwe wa parokia. Sheria inamtwika yule anayekataa mzigo wa kuthibitisha. Basi sisi tumsaidie kuubeba. Tushuhudie. Tutunze kopi zake. Tukae na watoto wake. Lihau alifungiwa nyumbani kwake. Bwana Chui alinyakuliwa akiwa peke yake. Hatuwezi kuwaambia vijana wetu wawe hodari kisha tuwaache barabarani.

Ndugu wapendwa, parokia yetu imejengwa kwa matofali, na katika siku hizi za Jubilei tumewashukuru wote walioyafinyanga na kuyabeba. Kuna jengo jingine ambalo bado linapanda. Linajengwa na karani anayeandika umri wa kweli wa mtoto. Na polisi anayefungua kasho saa 48 zinapotimia. Na juji anayerudisha bahasha bila kuifungua. Na msichana wetu wa mwaka wa kwanza anayesoma kwa taa ya mafuta kwa sababu umeme umekatika. Hao wote wako kati yetu leo. Wengine wameketi kwenye benchi za nyuma, na kesho asubuhi watarudi kwenye meza zao.

Mungu Mwenyezi aibariki mikono yao. Na sisi sote tuwe karibu nao, siku karatasi itakapowekwa mbele yao.